Tupime Damu au Tupunguze Sumu? Mjadala wa Wapiga Dawa wa Mlima Meru

HOJA: Kila anayepiga dawa za mimea katika kata ya Akheri na miteremko mingine ya Mlima Meru apimwe damu kabla ya msimu na wakati wa msimu, ili ijulikane sumu imemwingia mwilini kiasi gani.

Hoja hii inaigusa Akheri moja kwa moja. Kata iko kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, jirani na soko la Tengeru. Kahawa na migomba viko upande wa juu. Nyanya, kabichi na maharage mabichi viko penye mifereji, na mazao hayo yanapigiwa dawa. Mwaka 2014 Elikana Lekei, Vera Ngowi na Leslie London walichapisha utafiti waliofanya vijijini Arumeru, wilaya ambamo Akheri imo. Zaidi ya wakulima tisa katika kila kumi walisema wamewahi kudhurika na viuatilifu, na wengi wao hawakwenda hospitali. Mwaka 2019 Jones Kapeleka na wenzake wa Taasisi ya Nelson Mandela, iliyo jirani na Tengeru, walichapisha vipimo vya damu vya wakulima wadogo wa mbogamboga wanaotumia dawa za aina nyingi kwa pamoja. Walichopima ni protini moja: kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi.

Sauti zinazofuata si za watu maalumu. Nimezitunga ili kila upande upate msemaji, na kila msemaji nimempa hoja yenye nguvu kadiri nilivyoweza. Hukumu yangu iko mwishoni.

MTAALAMU WA MAABARA: Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Mimi naunga mkono hoja, na nitaanza na sumu yenyewe. Dawa nyingi za wadudu tunazonunua kwenye maduka ya pembejeo ni za jamii mbili, oganofosfeti na kabameti. Klorpirifosi na profenofosi ziko katika jamii ya kwanza. Zinamuua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na mishipa yetu inafanya kazi kwa utaratibu huohuo. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ujikaze, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kolinesterasi huivunja kemikali hiyo na msuli ukalegea. Oganofosfeti ikiingia, hujishikiza kwenye kolinesterasi na kuizima. Asetilikolini inarundikana. Mtu anatoka jasho na mate, mboni za macho zinasinyaa, misuli inatetemeka, na sumu ikizidi pumzi inakatika.

Sasa, kimeng'enya hichohicho kiko pia kwenye chembe nyekundu za damu, na kingine cha jamii yake kiko kwenye plazima. Tone moja la kidoleni linatosha. Kikiwa kimeshuka, tunajua dawa imeingia, iwe kwa ngozi, kwa pumzi au kwa mdomo. Hatuna haja ya kumuuliza mtu kama alivaa glavu. Damu imeshajibu.

NESI WA ZAHANATI: Naongezea hapo. Vijana wanakuja jioni wanaumwa kichwa, wanatapika, macho hayaoni vizuri. Tunapima malaria, haipo. Tunampa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani, na kwenye daftari anaandikwa kuwa aliumwa kichwa. Kesho yake amebeba bomba la dawa tena. Wengine hawafiki kabisa. Wanakunywa maziwa wakiamini yanaondoa sumu, kumbe dawa iliyopita kwenye ngozi ya mgongo maziwa hayaifuati. Yule aliyezidiwa kabisa tunamtambua, na dawa ya kumtibu, atropini, inajulikana. Anayetupita ni yule ambaye sumu inamshusha kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Huyo bila kipimo simwoni.

BWANA SHAMBA: Binti yangu, nimekusikia, na wewe Sista nimekusikia. Sayansi hiyo siibishii. Ninachopinga ni mpangilio wa mambo. Kipimo kinatuambia sumu imeshaingia. Kazi yangu ni kuizuia isiingie. Fedha ya kununulia mashine na vitendanishi, ya kuwafundisha wapimaji na kuwazungusha vijijini, ningeitumia kumfundisha mkulima kukagua shamba kabla ya kupiga, kutumia mitego ya wadudu, kuacha kupiga dawa kila wiki kwa mazoea, na kumpatia dawa yenye sumu ndogo. Mwezi Mei 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zilikubaliana kuiingiza klorpirifosi kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, kukiwa na misamaha kwa baadhi ya matumizi. Dawa inayoondoka sokoni haihitaji kutafutwa kwenye damu ya mtu.

Halafu ushahidi tunao siku nyingi. Nchini Kenya, katika miaka ya mwanzo ya 1990, Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walipima kolinesterasi ya wafanyakazi wa mashambani 666, kati yao 390 wakiwa wanaoshughulika na dawa hizi. Wale 390 walikuwa wameshuka wazi kuliko wenzao. Majirani zetu walishapima, Nelson Mandela wameshapima. Tukipima tena Akheri tutajifunza jambo gani jipya?

MTAALAMU WA MAABARA: Utafiti unajibu swali la kundi. Unasema wapiga dawa kwa jumla wanaathirika. Haumwambii kijana huyu aliyekaa hapa kwamba wiki hii apumzike. Kipimo ninachokiombea ni cha huyo mtu mmoja, kama mjamzito anavyopimwa wingi wa damu kila anapokuja kliniki, ingawa vitabu vyote vimeshaandika kwamba wajawazito hupungukiwa damu.

MPIGA DAWA: Niruhusuni na mimi, maana ni damu yangu inayozungumziwa. Sina shamba. Nawapigia watu dawa, nalipwa kwa bomba. Siku ya bomba nyingi ni siku ya hela nyingi. Mkinipima mkasema nimeshuka, mtaniambia nisishike bomba wiki tatu. Nani atanilipa hizo wiki tatu? Na mwenye shamba akijua damu yangu imeshuka, ataniita tena? Atamwita mwingine ambaye hajapimwa. Kipimo chenu kitaniponya sumu kwa kuninyima chakula.

NESI WA ZAHANATI: Kaka, hofu yako naielewa, lakini kutokujua hakukulindi. Kimeng'enya kikiwa kimeshashuka nusu, bomba moja la ziada linaweza kukulaza chini.

MPIGA DAWA: Sista, sijasema sitaki kujua. Nauliza nikishajua, nani anawajibika?

MTAALAMU WA MAABARA: Swali hilo lina jibu lililojaribiwa mahali pengine. Jimbo la California huko Marekani lina utaratibu wa namna hii tangu 1974 kwa wanaoshika dawa hizi kwa ajira. Mtu anapimwa kwanza akiwa hajagusa dawa. Kimeng'enya chake kikishuka hadi asilimia 80 ya kile cha mwanzo, mwajiri anatakiwa akague namna kazi inavyofanyika. Cha kwenye chembe nyekundu kikifika asilimia 70, au cha plazima kikifika 60, mtu anaondolewa kwenye dawa mpaka apande tena hadi 80. Angalieni hatua ya kwanza: namba ikishuka, kinachokaguliwa ni kazi. Bomba linavuja? Chumba cha kuchanganyia kina hewa? Mavazi yapo?

BWANA SHAMBA: California, binti yangu, wana mwajiri anayejulikana kwa jina na anuani. Sisi pia tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mashamba makubwa ya maua yanaweza kufikiwa na sheria hizo. Kijana huyu leo yuko kwa mama huyu, kesho yuko kata ya Poli, keshokutwa Nkoaranga. Mwajiri wake ni nani?

MAMA MWENYE SHAMBA: Nadhani mimi ndiye ninayenyooshewa kidole, basi nijibu. Shamba langu halifiki ekari. Nyanya zikiingiwa na wadudu wiki moja, ada ya shule imekwenda. Huyu mwanangu namwita kwa sababu sina nguvu za kubeba bomba, na ninamlipa hapohapo. Mkisema nimlipe na wiki ambazo hafanyi kazi, nitapiga mwenyewe, au nitampa mtoto wangu abebe. Mtakuwa mmehamisha sumu kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine.

Na mimi nina swali lenu. Mbona mnataka kumpima yeye peke yake? Nguo zake anazifua nani? Mfereji anaooshea bomba unapita kwa nani? Siku ya soko ikifika, nyanya zinachumwa hata kama zimepigwa juzi, nami sitasema uongo, hata zangu zimewahi kuchumwa hivyo. Aliyenunua kule sokoni naye atapimwa?

MTAALAMU WA MAABARA: Mama, umegusa ukweli. Tunaanza na mpiga dawa kwa sababu ndiye anayeshika dawa ikiwa kali, kabla haijachanganywa na maji. Lakini kwake yeye mwenyewe kuna jambo gumu ambalo sina budi kulieleza, maana hapa ndipo kipimo huharibika kabisa.

Watu hatulingani kwa asili. Chukua mfano wa watu wawili. Wa kwanza, akiwa hajagusa dawa, kipimo chake ni 36. Wa pili ni 26. Baada ya mwezi wa kupiga dawa wote wawili wanapimwa 25. Ukiwaangalia siku hiyo tu, utasema wako sawa. Kumbe wa pili yuko karibu palepale alipokuwa, na wa kwanza amepoteza karibu theluthi moja. Kwa kanuni ya California alipaswa kuwa ameshaondolewa kwenye kazi. Kwa hiyo kipimo cha siku moja, bila kipimo cha awali, kinaweza kumtuliza mtu aliye hatarini. Ndiyo maana hoja inasema kabla ya msimu.

BWANA SHAMBA: Kabla ya msimu upi? Hapa tuna mifereji. Mtu anavuna nyanya anapanda kabichi, akitoa kabichi anapanda maharage. Kipimo cha awali kinataka mtu akae kama siku thelathini bila kugusa dawa hizi. Nionyeshe mpiga dawa wa Tengeru mwenye siku thelathini za namna hiyo.

MPIGA DAWA: Labda akiwa amelazwa.

MTAALAMU WA MAABARA: Hilo linaweza kushughulikiwa kwa kugeuza mpangilio. Asiyepata muda wa kupumzika kabla, apimwe akiwa kazini, kisha apimwe tena baada ya kupumzika. Chembe nyekundu haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Inaishi siku kama 120, na zinapozaliwa mpya ndipo kiwango kinapanda, kwa kadirio la asilimia moja kwa siku. Namba ikipanda baada ya mapumziko, tumejua ilikuwa imeshushwa. Kwa kabameti hali ni ngumu zaidi. Zenyewe zinaachia kimeng'enya baada ya saa chache, hata ndani ya kichupa cha damu, kwa hiyo damu ikisafirishwa hadi mjini wakati wa joto, jibu linaweza kufika likiwa limejirekebisha njiani. Kipimo kifanyike hapahapa kwenye zahanati, kwa mashine ndogo ya kubebeka.

NESI WA ZAHANATI: Na mpimaji amwangalie mtu mzima, asiangalie namba peke yake. Kimeng'enya cha plazima kinatengenezwa na ini. Mwenye ugonjwa wa ini, mjamzito, au aliyedhoofu kwa lishe anaweza kuwa na kiwango cha chini bila kugusa dawa. Tusije tukaandika sumu pale penye njaa.

BWANA SHAMBA: Mmeongea vizuri, lakini shimo kubwa zaidi hamjalifukia. Kolinesterasi inajua oganofosfeti na kabameti tu. Mkulima wa nyanya anapiga sana mankozebu kuzuia ukungu. Anapiga dawa za jamii ya pareto za kiwandani. Wengine wanaua magugu kwa glaifoseti. Hizo zote hazizimi kimeng'enya hiki. Mtu anaweza kuogeshwa mankozebu msimu mzima, mkampima, mkamwambia yuko salama. Atarudi shambani na cheti chenu akiwa ameacha hata ile hofu kidogo aliyokuwa nayo. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kupinga.

MTAALAMU WA MAABARA: Hapo nakukubalia, Bwana shamba, na nakuomba uichukue kama sharti la kipimo. Jibu lisiandikwe kamwe kwamba mtu yuko salama. Liandikwe ni dawa za jamii zipi zilizopimwa, na zipi hazikupimwa.

Ila naomba tusiidharau damu kwa sababu protini moja haisemi yote. Zipo nyingine. Sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga, ikishaingia mwilini, sehemu yake hujifunga kwenye albumini ya damu, na albumini inadumu wiki kadhaa, hivyo inatunza habari za mlo wa miezi miwili mitatu iliyopita. Martin Kimanya, mtafiti ambaye Taasisi ya Nelson Mandela hapo jirani wanamfahamu vizuri, akiwa na Candida Shirima na wenzao, mwaka 2015 walichapisha utafiti wa watoto 166 wa vijiji vya Tabora, Iringa na Kilimanjaro. Sumukuvu iliyojifunga kwenye albumini iliongezeka kadiri watoto walivyokua. Na nchini Kenya mwaka 2004, mlipuko wa sumukuvu uliowapata watu 317 na kuua 125, wengi wao Makueni na Kitui, ulichunguzwa kwa kupima damu kwa njia hiyohiyo.

Sweden wana kisa kikubwa zaidi. Mwaka 1997 walikuwa wanachimba handaki la reli huko Hallandsås, kemikali ya akrilamidi ikavuja, ng'ombe wakapooza na samaki wakafa. Watafiti wakapima himoglobini ya wafanyakazi kuona akrilamidi iliyojifunga humo. Wakapima pia watu wasiohusika na handaki, ili walinganishe. Hao nao wakakutwa nayo kidogo! Walipofuatilia inatoka wapi, mwaka 2002 Margareta Törnqvist na wenzake wakaonyesha kwamba inatokea kwenye vyakula vya wanga vinapokaangwa au kuokwa kwa moto mkali. Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za viazi vya kukaanga. Damu ndiyo iliyoleta swali.

MAMA MWENYE SHAMBA: Basi na ijibu langu. Mkimpima huyu kijana mkakuta ameshuka, njooni kwangu mniambie ni dawa ipi kati ya nilizonunua. Dukani naambiwa hii kali, hii inamaliza kabisa, hakuna anayeniambia inammaliza nani. Nikijua, nitaibadilisha. Mimi sitaki mtoto wa mtu aanguke kwenye nyanya zangu.

MPIGA DAWA: Na mimi nikubali kwa masharti mawili. Jibu nipewe mimi kwanza, mkononi, kwa Kiswahili. Na siku nikiambiwa nipumzike, kuwe na kazi nyingine ya kufanya hapohapo shambani: kupalilia, kuvuna, kufunga kamba. Sikatai kupumzishwa bomba. Nakataa kupumzishwa chakula.

HUKUMU

Nimewapima wasemaji wote, na nasema hoja ipite, kwa masharti manne yaliyotoka vinywani mwao.

La kwanza ni kipimo cha awali. Kampeni ya siku moja, watu wakapanga foleni, wakatobolewa kidole na kuambiwa wako kawaida, ni hatari kuliko kutopima. Mwenye kimeng'enya kingi kwa asili ndiye atakayedanganywa kwanza. Pasipo uwezo wa kumpima mtu yuleyule mara mbili au zaidi, tusianze.

La pili ni ukweli wa cheti. Bwana shamba ameonyesha mipaka ya kolinesterasi, na mipaka hiyo iandikwe kwenye kila jibu. Kinga anayoidai pia isisubiri vipimo. Kukagua shamba kabla ya kupiga, kuheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kuacha dawa kali zaidi, hayo yanatakiwa msimu huu. Lakini kinga bila kipimo hatutajua kama imefanikiwa. Tukifundisha vijiji vitatu na kolinesterasi ya wapiga dawa wake ikapanda, tutakuwa na sababu ya kufundisha vijiji vingine.

La tatu ni umiliki. Damu ni ya mtu, na habari iliyomo ni yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazohitaji ulinzi wa juu. Namba ya kijana isisomwe na mwenye shamba kabla yake, wala isigeuzwe kuwa kigezo cha kumnyima kibarua.

La nne ndilo zito kuliko yote: namba iliyoshuka ipeleke wajibu kwa mwenye uwezo wa kuubeba. Mama wa chini ya ekari hawezi kulipa wiki tatu, na tusimwongopee mpiga dawa kwamba atamlipa. Anaweza kumpa kazi isiyo ya bomba, na ameonyesha nia. Wajibu mkubwa unawahusu wengine. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na yenye makao yake hapahapa Arusha, ndiyo inayosajili dawa na kusimamia wauzaji. Namba za wapiga dawa wa kata moja zikishuka kwa pamoja, hiyo ni habari ya dawa iliyouzwa katika kata hiyo, na mamlaka iifuate hadi dukani.

Ninasimama na mpiga dawa katika swali lake: nikishajua, nani anawajibika? Upimaji wowote utakaoingia Akheri bila jibu la swali hilo utakuwa umechukua damu ya maskini kwa faida ya ripoti. Wakulima wa Arumeru wameshahojiwa, wameshajaza madodoso. Safari hii wanastahili kurudishiwa kitu.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Meru, zahanati zake, Taasisi ya Nelson Mandela na Mamlaka ya Viuatilifu zikae meza moja na wapiga dawa wenyewe kabla ya msimu ujao wa nyanya. Zianze na kata moja, Akheri. Zipime kila mpiga dawa anayekubali, zimpe jibu lake mkononi, na zitangaze mapema ni nani atakayechukua hatua gani namba ikishuka. Nawe msomaji unayebeba bomba, usisubiri kikao hicho: safari nyingine ukienda zahanati kichwa kikikuuma, mwambie nesi kwanza kwamba ulipiga dawa, na umtajie jina lililoandikwa kwenye chupa.